Mtoto Aliyezimika Bisibo na Kipimo cha Vinasaba

Mtoto wa miaka miwili akishikwa na degedege usiku huko Bisibo, wilayani Biharamulo, jibu hupatikana kabla ya bodaboda: malaria imempanda kichwani. Bibi anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na mara nyingi hawakosei. Kagera ni mkoa wa malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliuweka kwenye kundi la mikoa yenye maambukizi mengi zaidi kwa watoto wadogo, pamoja na Tabora na Mtwara. Muuguzi wa zahanati naye anamtoboa mtoto kidole, anadondoshea damu kwenye kipimo cha haraka, mistari miwili inatokea, na kauli ya bibi imepigwa muhuri. Mtoto anachomwa artesuneti na kuandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Biharamulo. Hakuna aliyekosea mpaka hapo. Ila hakuna pia aliyeuliza kama wadudu waliomo kwenye damu ndio waliomzimisha mtoto, au wamekutwa tu mahali walipokuwa siku zote.

Mjadala mzima wa vipimo vya haraka vya vinasaba kwa watoto wenye maambukizi ya ubongo unazunguka swali hilo. Nchi tajiri zina mashine inayopokea matone machache ya maji ya uti wa mgongo na baada ya saa moja hivi inataja bakteria, kirusi au fangasi aliyemo. Wengi wakiisikia wanatamani ifike wilayani kesho. Mimi nakubali kwamba vipimo vya vinasaba vinahitajika Kagera, tena bila kuchelewa. Nisichokubali ni kwamba ile inayosifiwa zaidi ndiyo ya kuanza nayo. Kuna vingine vilivyo karibu na mkono zaidi, na mbele ya vyote kuna sindano moja ya mgongo ambayo isipochomwa hakuna mashine itakayosaidia.

Tuanze na ukubwa wa kosa lenyewe. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipopitiwa tena kwa darubini ya uhakika, wenye vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46. Waliobaki 2,412 hawakuwa navyo. Kinachoumiza zaidi ni vifo: kati ya wenye vimelea walikufa asilimia 6.9, na kati ya wasio navyo asilimia 12.1. Waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao ndio waliokufa zaidi. Utafiti mwingine wa Moshi, kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008, ulikuta asilimia 60.7 wameandikiwa malaria na madaktari, ilhali walioumwa malaria kweli walikuwa asilimia 1.6.

Msomaji wa Ngara atasema, na ana haki, kwamba Moshi si kwao. Kule mbu ni wachache. Huku malaria haiishi. Tena tangu 2004 kipimo cha haraka kimeenea mpaka zahanati za vijijini na kimepunguza kubahatisha. Lakini mahali penye malaria nyingi tatizo linageuka sura, haliondoki. Watoto wengi wanatembea na vimelea vichache mwilini wakiwa wazima, wanacheza na kwenda shule. Tena kipimo cha kidole kinatafuta protini ya kimelea inayoweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mistari miwili inasema malaria ipo au ilikuwepo. Haisemi kama ndiyo iliyoleta kukosa fahamu.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili ulitoka Blantyre, Malawi, ambako malaria ni nyingi kama Kagera. Madaktari wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth waliomba ridhaa ya wazazi kufanya uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliokufa wakiwa wamethibitishwa, kwa vigezo vyote vya kitaalamu, kuwa na malaria ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watoto 7 kati ya hao 31 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi walipokuwa hai ilikuwa ndani ya jicho: mabadiliko ya retina yanayoonekana kwa kifaa cha kuchungulia nyuma ya mboni. Hicho ni kifaa cha mkononi, si mashine ya maabara, na kinastahili kuwepo kwenye kila wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya.

Hao wengine wanaumwa nini, basi?

Kwanza ni homa ya uti wa mgongo ya bakteria: nyumokoki, meningokoki, na Haemophilus influenzae aina b ambayo wataalamu huifupisha Hib. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti wa hospitali ya wilaya walifanya jambo ambalo hospitali nyingi hazilifanyi. Walichukua maji ya mgongo kwa karibu kila mtoto aliyestahili, kisha wakauliza wangekosa wangapi kama wasingekuwa na maabara ya kuaminika. Jibu lao, lililochapishwa mwaka 2001 kwenye jarida la The Lancet, lilikuwa karibu theluthi ya wagonjwa. Tangu wakati huo chanjo zimebadili hali. Hib iliingia kwenye chanjo za watoto Kenya mwaka 2001, na ndani ya miaka mitatu ugonjwa wake Kilifi ukashuka kwa asilimia 88. Tanzania iliianza mwaka 2009, na chanjo ya nyumokoki ikazinduliwa Desemba 2012. Mtoto wa Bisibo aliyekamilisha kadi yake ya kliniki leo yuko salama zaidi kuliko kaka yake aliyezaliwa mwaka 2000, na hilo litakuwa na maana tutakapofika kwenye hesabu za mashine.

Meningokoki ina habari yake huku. Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda zimo kwenye orodha ya nchi 26 za ukanda wa homa ya uti wa mgongo wa Afrika, ingawa ziko pembeni mwake. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mlipuko kwenye eneo la Maziwa Makuu uliogusa Burundi, Rwanda na Tanzania. Ngara iko mpakani. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kujaa kambi ya Benaco. Wilaya iliyowahi kupokea watu wengi namna hiyo inajua kwamba ugonjwa wa kuambukiza hauulizi pasipoti.

Pili ni virusi. Blantyre tena, watoto 513 waliolazwa wakishukiwa kuwa na maambukizi ya ubongo walipimwa maji ya mgongo kwa vinasaba, na asilimia 26 walikutwa na kirusi. Baadhi yao walikuwa na malaria vilevile. Tatu ni kifua kikuu cha utando wa ubongo, ugonjwa unaokuja polepole. Mtoto anapoteza uzito na kulegea, homa ya jioni haiishi, na siku anapozimika familia imeshazunguka kwenye maduka ya dawa kwa wiki mbili au tatu. Tathmini ya tafiti mbalimbali iliyochapishwa mwaka 2014 ilikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano hufa hata akiwa kwenye dawa, na zaidi ya nusu ya wanaopona hubaki na ulemavu. Nne ni vichanga wa wiki za kwanza, wenye bakteria wao tofauti ambao chanjo hizi haziwagusi.

Na Biharamulo ina lake la ziada. Misitu ya Burigi na Biharamulo, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ni makazi ya mbung'o. Malale yamewahi kuhamisha vijiji vizima katika wilaya hii wakati wa Waingereza. Ugonjwa huo ukifika hatua ya pili unaingia ubongoni, na hautajwi na mashine yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali za Marekani. Anayeugundua ni mtu wa maabara anayejua anachokitafuta kwenye darubini. Kichaa cha mbwa nacho ni hivyohivyo: mtoto aliyeng'atwa miezi iliyopita na kusahauliwa anaweza kulazwa kama mgonjwa wa malaria ya ubongo.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Njia ya zamani ya kutambua bakteria ni kuwaotesha. Maji ya mgongo yanapandwa kwenye sahani yenye chakula, yanawekwa kwenye joto, yanasubiriwa siku moja mpaka tatu. Udhaifu wake ni kwamba bakteria lazima wawe hai. Meningokoki na nyumokoki hufa upesi, hasa sampuli ikipata baridi au ikikaa safarini. Na sindano ya kwanza ya antibayotiki, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeichelewesha, inaweza kuwaua meningokoki kwenye maji ya mgongo ndani ya saa mbili. Mtoto aliyechomwa seftriaksoni zahanati saa tatu usiku, akafika hospitali saa nane, sampuli yake itaacha sahani tupu.

Kipimo cha vinasaba hakijali kama mdudu yu hai. Kinatafuta kipande cha DNA yake na kukirudufu. Sampuli inapashwa joto mpaka nyuzi 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, inapozwa ili vianzio vishike mahali pake, kimeng'enya kinajenga nakala, kisha mzunguko unarudiwa. Kila mzunguko unaongeza nakala mara mbili. Mizunguko 30 inaweza kugeuza kipande kimoja kuwa zaidi ya bilioni moja. Hapo ndipo nguvu yake ilipo kwa mazingira yetu: mtoto ambaye tayari amechomwa dawa, ambaye sampuli yake imesafiri barabara ya vumbi, bado anaweza kupatiwa jibu.

Mashine iliyopata jina kubwa inaitwa BioFire FilmArray. Kipimo chake cha maji ya mgongo kiliidhinishwa Marekani Oktoba 2015. Kinahitaji mikrolita 200, pungufu ya robo ya mililita, na kwa saa moja hivi kinatafuta aina 14 kwa pamoja: bakteria sita, virusi saba na fangasi wa kriptokoki. Kwa mtu aliyezoea kusubiri siku tatu, ni jambo la kushangaza kweli. Lakini soma orodha yenyewe. Kifua kikuu hakimo. Malaria haimo, na kipimo hakikukusudiwa kuitafuta. Malale hayamo, kichaa cha mbwa hakimo, Salmonella inayosumbua watoto wenye utapiamlo na malaria haimo. Klebsiella anayewashika vichanga hospitalini hayumo. Orodha iliandikwa kwa magonjwa ya mji wa Marekani, na kwa mji huo ni orodha nzuri. Halafu bei: kipimo kimoja kinazidi dola 100, wakati matumizi yote ya afya ya Tanzania kwa mtu mmoja kwa mwaka hayafiki dola 50.

Lipo pia suala la hesabu, ambalo wauzaji wa mashine hawalipendi na ambalo kila mkurugenzi wa halmashauri angepaswa kulielewa kabla ya kusaini chochote. Chukua mfano wa watoto 100 waliofanyiwa kipimo, na tuseme watano ndio wenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Mashine ikiwa na uwezo wa kugundua tisa kati ya kila kumi, itawapata wanne au wote watano. Ikiwa inakosea kwa kuonyesha ugonjwa usiokuwepo mara tatu tu katika mia, basi kati ya wale 95 wasio nao, karibu watatu wataonekana nao. Majibu chanya yanakuwa saba au manane, na karibu matatu ni ya uongo. Hizo ni namba za mfano, lakini onyo ni la kweli. Nyumokoki huishi puani mwa watoto wengi wazima, na chembe yake ikiingia kwenye sampuli kwa kupiga chafya au kugusa, mashine yenye hisia kali itaipigia kelele. Kadiri chanjo zinavyofanya kazi yake, ndivyo wagonjwa halisi wanavyopungua na majibu ya uongo yanavyochukua nafasi kubwa zaidi kati ya majibu chanya. Kwa sababu hiyo jibu la mashine halisomwi peke yake. Linasomwa pamoja na idadi ya chembe nyeupe kwenye maji hayo na kiwango cha sukari yake, vitu vinavyohesabiwa kwa darubini na kifaa cha kupimia sukari.

Swali ninalolitumia mimi kupima thamani ya kipimo chochote ni rahisi: jibu likija, nini kitafanyika wodini usiku huohuo ambacho kisingefanyika? Mashine ikisema nyumokoki, mtoto tayari yuko kwenye seftriaksoni, na ataendelea nayo. Ikisema kirusi cha malengelenge, dawa yake ni asiklova ya mshipani, na hospitali isiyo nayo stoo itakuwa imenunua habari mbaya kwa bei ghali. Ikisema enterovairasi, hapo kuna faida: antibayotiki inaweza kusitishwa, mtoto akaenda nyumbani mapema, kitanda kikapata mwingine. Ikisema meningokoki, faida kubwa si ya mtoto yule tu bali ya waliolala naye chumba kimoja, ambao dozi moja ya siprofloksasini inaweza kuwakinga, na ya Mganga Mkuu wa Wilaya anayetakiwa kujua kabla kesi hazijawa ishirini. Kipimo kingine kikisema kifua kikuu, kila kitu kinabadilika: dawa, muda wa matibabu unaohesabiwa kwa miezi, steroidi, na uchunguzi wa nani nyumbani anakohoa.

Kwa kipimo hicho cha thamani, jibu linalobadilisha mambo zaidi ni la kifua kikuu, na mashine yake haihitaji kuagizwa upya. GeneXpert zimesambazwa mpaka hospitali nyingi za wilaya nchini. Shirika la Afya Duniani lilizipitisha Desemba 2010 kwa makohozi, mwaka 2013 likaruhusu maji ya mgongo, na mwaka 2017 likapendekeza katriji mpya ya Ultra kama kipimo cha kwanza kwa mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu cha utando wa ubongo. Ultra inaweza kugundua bakteria wapatao 16 kwa mililita moja, wakati katriji ya zamani ilihitaji zaidi ya 110. Utafiti uliofanyika Uganda kwa watu wazima wenye VVU, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta Ultra inawapata asilimia 70 ya wagonjwa, na katriji ya zamani asilimia 43. Jibu linatoka kwa muda usiofika saa mbili, na bei ya katriji ilishushwa mwaka 2023 mpaka dola 7.97.

Asilimia 70 maana yake ni kwamba watatu kati ya kumi wanaponyoka, na daktari mwenye shaka ya kweli hapaswi kusitisha dawa kwa sababu katriji imesema hapana. Kinachosaidia ni wingi wa maji: kadiri yanavyokuwa mengi na kuzungushwa kwenye sentrifuji, ndivyo uwezekano wa kumpata mdudu unavyoongezeka. Kwa mtoto mdogo hayo mengi hayapatikani, na hapo uamuzi wa nani agawiwe matone yapi ni wa daktari na mtu wa maabara wakizungumza, si wa fomu. Tatizo kubwa ninaloliona kwa mashine hizi ni mazoea. Zilikuja na mradi wa makohozi, zimewekwa kwenye chumba cha kifua kikuu, na wodi ya watoto haikumbuki kuwa zipo.

Nimetaja sindano ya mgongo mara kadhaa bila kuieleza, na hapa ndipo kila kitu kinapokwama. Mtoto analazwa ubavu, anakunjwa magoti yafike tumboni na kidevu kifuani, muuguzi anamshikilia hivyo kwa upole na nguvu pamoja. Daktari anapapasa ncha za mifupa ya nyonga, anapima mstari mpaka kwenye uti, anasafisha, kisha anaingiza sindano nyembamba kati ya pingili mbili, chini kabisa ya mahali uti wenyewe unapoishia. Maji yanadondoka tone kwa tone. Yakiwa safi kama maji ya kunywa, si ushahidi wa usalama. Yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, hakuna haja ya kusubiri mashine. Kazi yote ni ya dakika chache kwa mtu aliyezoea.

Lakini mbele ya mlango wa chumba hicho amesimama mzazi. "Dokta, mtoto wa dada yangu alichomwa mgongo, hakufika asubuhi." Maneno ya namna hiyo yanasikika katika wodi nyingi za Afrika Mashariki, na hayatokani na ujinga. Sindano hii mara nyingi hufanywa mwisho, kwa mtoto aliyekwisha kuzidiwa, na kijiji kinakumbuka mpangilio wa matukio: alichomwa, akafa. Wengine wanahofia kupooza. Hofu hiyo wahudumu nao wanayo, ila wanaiita tahadhari. Wanafundishwa kwamba kutoa maji kwa mtoto mwenye shinikizo kichwani kunaweza kumuua, basi wanaahirisha mpaka sababu ya kuahirisha inakuwa kifo. Malawi waliliangalia hili kwa watoto 1,075 waliokuwa hawana fahamu na wenye dalili za malaria ya ubongo. Hawakuona ushahidi kwamba sindano iliongeza vifo, hata kwa wale ambao picha za kichwa zilionyesha ubongo umevimba. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016. Zipo sababu halali za kusubiri, kama mtoto kushindwa kupumua vizuri, kuwa katika mshtuko, au kuwa na usaha kwenye ngozi ya mahali pa kuchoma. "Anaonekana mahututi" peke yake si mojawapo.

Namna ya kuomba nayo ina uzito. "Mama, tunatoa maji kidogo chini ya uti, mahali ambapo hapana mshipa wa kutembelea, ili tujue dawa anayopewa ndiyo yenyewe" ni sentensi moja. Ikisemwa na muuguzi anayejua Kihangaza au Kisubi, kwa bibi aliyekuja na mtoto, mbele ya baba anayetakiwa kukubali, inafungua mlango ambao fomu ya ridhaa ya kurasa mbili haiufungui.

Baada ya hapo saa inaanza kukimbia. Chembe nyeupe kwenye maji ya mgongo huvunjika zikikaa. Baada ya saa mbili aina muhimu zaidi kwa kutambua bakteria hubaki karibu nusu. Sampuli iliyotolewa Ijumaa jioni na kusubiri mtaalamu wa maabara wa Jumatatu imekwisha kusema uongo. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kwa hospitali ya wilaya huku, nitachagua mtu wa maabara wa zamu ya usiku mwenye darubini nzuri na chemba ya kuhesabia chembe. Hakuna hafla ya uzinduzi kwa mtu wa zamu, na pengine ndiyo sababu hapatikani.

Hata hivyo sitaki hoja hii itumiwe kusema vijijini wangoje. Biharamulo imeshaona kwamba vipimo vya vinasaba vinaweza kusogezwa vikitakiwa. Januari 2025 ulizuka ugonjwa wa Marburg wilayani. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa, na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa kwa vipimo vya maabara inayohamishika ya Kabaile, humuhumu Kagera, vikahakikiwa Dar es Salaam. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Waliothibitishwa walikuwa wawili na waliodhaniwa wanane, na wote kumi walifariki. Miaka miwili kabla ya hapo Bukoba Vijijini walikuwa wamepitia hayohayo.

Kinachothibitisha Marburg ni teknolojia ileile ya kurudufu vinasaba. Mashine ya wazi ya aina hiyo, isiyofungwa kwenye katriji za kampuni moja, inaweza kuwekewa vianzio vya bakteria watatu wakuu wa homa ya uti wa mgongo kwa pamoja: jeni ya sodC kwa meningokoki, hpd kwa Haemophilus influenzae, lytA kwa nyumokoki. Ndiyo njia inayotumika kwenye maabara za rejea za ukanda wa homa ya uti wa mgongo, na vitendanishi vyake kwa sampuli moja ni sehemu ndogo sana ya bei ya kipimo cha BioFire. Sioni sababu ya kitaalamu ya uwezo uliojengwa Kagera kwa ajili ya Marburg kulala kati ya mlipuko na mlipuko, wakati maji ya mgongo ya watoto wa Biharamulo, Ngara, Karagwe na Muleba yangeweza kuuweka kazini kila wiki. Mtaalamu anayepima kila wiki ndiye atakayekuwa na mkono mwepesi siku Marburg ikirudi.

Sampuli ya kipimo hiki inavumilia safari, kwa hiyo mashine haina haja ya kuwa Bisibo wala kila hospitali. Inatosha iwe mahali pamoja penye umeme wa uhakika na watu waliofundishwa, ikipokea vichupa kwa pikipiki na basi na kurudisha majibu kwa simu siku ya pili. Mtoto ndiye asiyevumilia safari. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa 115 bure, umewafikisha hospitali wajawazito na vichanga wengi kwa magari ya dharura, lakini mtoto wa miaka miwili mwenye degedege hayumo ndani yake. Anategemea bodaboda na pesa ya jirani. Kwa wanaoandikiwa rufaa ya hospitali ya Bugando, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea foleni ya kivuko, na hospitali ya kanda ya Chato iko jirani zaidi. Ila safari ndefu ni ile ya kwanza, kutoka kitongojini mpaka lami.

Mwaka 2019 homa ya uti wa mgongo ilikadiriwa kuua watu 236,000 duniani, 112,000 kati yao watoto chini ya miaka mitano. Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana mwaka 2020 kuishinda ifikapo 2030, kwa kupunguza kesi zinazozuilika kwa chanjo kwa nusu na vifo kwa asilimia 70. Mwongozo wa kwanza kamili wa Shirika la Afya Duniani wa kuitambua na kuitibu ulitoka Aprili 2025, na umetilia mkazo sindano ya mgongo mapema pamoja na vipimo vya vinasaba. Pia umeweka jambo ambalo nimeliona likisahaulika kila mahali: mtoto aliyepona apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa, au ndani ya wiki nne. Mtu mmoja kati ya watano wanaopona hubaki na ulemavu wa kudumu, na uziwi ni miongoni mwa ulemavu huo. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema kwamba hasikii. Ataonekana mtundu, kisha mzito, kisha mwalimu wa darasa la kwanza atamkalisha nyuma. Jibu la vinasaba lililochelewa, likafika baada ya mtoto kurudi nyumbani, bado lina kazi hapo: likisema nyumokoki, mhudumu wa afya wa kitongoji anajua mlango wa kubisha, na anajua anakwenda kuangalia masikio.